Deni la Riwaya

Mabibi na mabwana, wapenzi wa vitabu na wapenzi wa sinema, nashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumze juu ya uaminifu: filamu inayotokana na riwaya kongwe iifuate riwaya hiyo kwa kiasi gani? Nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha haya ninayokuja kuyasema.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandika skripti kutoka kwenye riwaya niliyoipenda tangu ujana wangu. Sitaitaja, na waliohusika sitawataja. Ndani yake kuna mama anayemfukuza mwanawe kwa neno moja la hasira, kisha kitabu chote kilichobaki anamsubiri. Kwenye ukurasa wa mwisho anasikia hatua za mtu uani. Anainuka, anafungua mlango. Ni jirani, amekuja kuomba kiberiti. Anampa, anafunga mlango, na riwaya imekwisha.

Niliandika hivyo hivyo. Usiku mmoja mtayarishaji akanipigia simu: mama ampate mwanawe. Watu wamelipa kiingilio, akasema, hawawezi kurudi makwao na huzuni. Nilibishana naye siku mbili. Siku ya tatu nikakubali. Kijana akarudi. Siku ya onyesho la kwanza ukumbi ulipiga makofi, na wapo waliofuta machozi ya furaha. Binti wa mwandishi alikuwa ameketi safu ya pili. Taa zilipowashwa alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Baba asingemrudisha." Hakuongeza kitu.

Sikulala usiku ule. Nilipitia skripti yangu ukurasa kwa ukurasa. Majina yalikuwa yale yale, nyumba ile ile, mvua inanyesha siku zile zile inaponyesha kitabuni. Mazungumzo mengine nilikuwa nimeyanakili neno kwa neno. Kama uaminifu ni kuhesabu vinavyofanana, kazi yangu ilikuwa aminifu kupindukia. Lakini nilikuwa nimemsamehe yule mama deni ambalo mwandishi alitumia kurasa mia tatu kukataa kumsamehe.

Neno langu kwenu leo ndilo hilo, deni. Riwaya ikidumu, ikasomwa na wajukuu wa waliokuwa wasomaji wake wa kwanza, mara nyingi ni kwa sababu kuna jambo ndani yake isilokubali kulifuta. Mtu ametenda, au jamii nzima imetenda, na hadithi inadai. Pengine anayelipa siye aliyekopa, na hapo ndipo uchungu ulipo. Mwongozaji akipunguza wahusika, akahamisha mji, akabadili karne, sina ugomvi naye. Akilifuta deni tunagombana, hata kama amenakili kila mkato na kila nukta.

Wapo wanaosema njia ya salama ni kupiga picha kila kilichoandikwa. Limeshajaribiwa. Mwaka 1923 mwongozaji Erich von Stroheim aliichukua riwaya ya Frank Norris iitwayo McTeague, iliyochapishwa mwaka 1899, akaamua kuifuata tukio kwa tukio. Kwa kuwa hadithi inaishia Death Valley, jangwa la Marekani lenye joto la kutisha, aliwapeleka waigizaji wake huko huko, tena wakati wa kiangazi. Toleo lake la kwanza lilipita saa nane. Studio ikalikata mpaka likabaki saa mbili na ushei, na filamu ikatoka mwaka 1924 kwa jina la Greed. Vipande vilivyokatwa havijapatikana mpaka leo. Sergei Bondarchuk naye, alipoigeuza Vita na Amani ya Tolstoy kuwa filamu huko Umoja wa Kisovyeti katika miaka ya 1960, alipata karibu saa saba katika sehemu nne, pamoja na maelfu ya askari wa kuigiza vita. Bado sehemu kubwa ya hoja za Tolstoy kuhusu historia ilibaki kitabuni.

Wanaofanya kazi hii wana kipimo chao: ukurasa mmoja wa skripti hutoa takriban dakika moja ya picha. Filamu ya saa mbili, basi, ni kurasa mia na ishirini zenye nafasi nyeupe tele. Riwaya kubwa haiwezi kuenea humo. Lakini urefu si tatizo linaloniumiza kichwa. Tatizo langu ni sarufi, na ninaomba tukae hapo kidogo.

Sikilizeni sentensi hii niliyoitunga mwenyewe: "Kila jioni mzee huketi kizingitini, humsubiri mkewe, na giza likiingia huenda kulala bila kuwasha taa." Tazameni kazi inayofanywa na kiambishi kidogo kile, hu-. Kwa pumzi moja msomaji amepewa jioni elfu. Hakuuliza siku hiyo mzee alivaa nini, mawingu yalikuwaje, kiti kilikuwa cha mti gani. Sasa mpe kamera sentensi hiyo hiyo. Kamera haijui hu-. Inajua -na- peke yake: mzee huyu, anaketi, jioni hii, amevaa shati hili lenye kifungo kilichokatika. Jioni elfu zimekuwa jioni moja, na ile jioni moja haina uzito wowote.

Mwongozaji mzembe hupiga picha jioni hiyo moja, akaamini kwamba ameifuata riwaya. Mwongozaji anayejua kazi yake atamwonyesha mzee mara tatu, ndevu zikizidi kuwa nyeupe. Au atafanya jambo dogo zaidi: atasogeza kamera karibu na mwimo wa mlango, tuone mahali ambapo rangi imelika kwa kiasi cha kiganja, pale ambapo mzee amekuwa akijishika kila anapoinuka. Alama ile haimo kitabuni. Mwandishi hakuitaja popote. Lakini ndiyo hu- yenyewe, imetafsiriwa kwa rangi na mbao. Amelazimika kuongeza kisichokuwamo ili kilichomo kisipotee.

Tena kuna -ngali-. "Angalibisha hodi usiku ule, asingalimzika ndugu yake wakiwa hawasemezani." Sentensi hii inazungumzia kitu ambacho hakikutokea, na nguvu yake yote imo katika kutotokea huko. Kamera itapigaje picha ya hodi isiyobishwa? Ikimwonyesha akibisha, basi amebisha, tumemwona kwa macho yetu, na hakuna maelezo yatakayoifuta picha hiyo. Ikimwonyesha akipita mlango bila kusimama, tunaona mtu anayetembea tu. Hapo ndipo uigizaji unapookoa: hatua inayopungua kasi mbele ya mlango, mkono unaotoka mfukoni kisha unarudi. Mwigizaji mzuri anaweza kubeba -ngali- nzima kwa vidole vyake.

Mwandishi wa Kiingereza Virginia Woolf aliyaona matatizo haya mapema, sinema ikingali bubu. Katika insha yake ya mwaka 1926 alieleza jinsi alivyomtazama Anna Karenina, mhusika wa riwaya ya Tolstoy, kwenye skrini asimtambue, kwa sababu msomaji anamjua Anna kwa kilichomo moyoni mwake, na sinema ikamletea meno yake, lulu zake na mahameli yake. Nakubaliana naye kuhusu filamu aliyoiona. Sikubali kwamba sinema yote imehukumiwa hivyo, na nina ushahidi nitakaoufikia.

Kwanza niwaonyeshe deni likifutwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni Frankenstein.

Riwaya ya Mary Shelley ilitoka mwaka 1818. Ndani yake kiumbe aliyeumbwa na Victor Frankenstein anajifunza kusema na kusoma, anasoma hata Paradise Lost, utenzi wa Milton, na anapokutana na muumba wake mlimani anamweleza kesi yake kama mtu aliye mbele ya hakimu. Nilizaliwa mwema, anasema kwa maneno yake. Ni upweke na kukataliwa vilivyonifanya nilivyo. Uliniumba ukanikimbia. Deni liko hapo, na mdaiwa ni muumba. Analilipa kwa ndugu yake, kwa rafiki yake, kwa mke wake usiku wa harusi, na mwishowe kwa uhai wake mwenyewe akiwa melini katika barafu ya kaskazini.

Mwaka 1931 James Whale aliitoa filamu yake, mwigizaji Boris Karloff akiwa ndani ya kile kichwa bapa ambacho dunia nzima inakijua. Kiumbe ameondolewa ulimi, ananguruma tu. Hilo peke yake ningeweza kulivumilia. Kisichovumilika ni chupa. Mwanzoni mwa filamu msaidizi anatumwa kuiba ubongo uliohifadhiwa kwenye chupa chuoni. Anachukua ule mzuri, anauangusha, kwa hofu anabeba wa pili, ambao tumeshaambiwa ni wa mhalifu. Basi! Kesi yote ya Mary Shelley imefungwa kwa ajali ya chupa. Kiumbe ni mbaya kwa kuwa alipewa ubongo mbaya, na muumba wake ni mtu aliyekosa bahati katika manunuzi. Mke anapona. Muumba anapona. Filamu inafunga kwa baba yake kunyanyua glasi ya divai akitaka mjukuu.

Lakini siwezi kuwa mwizi wa haki ya Whale. Katika filamu hiyo hiyo kuna tukio la ziwani. Kiumbe anakutana na mtoto wa kike ambaye hamwogopi. Mtoto anampa maua, wanayatupa majini pamoja, wanayatazama yakielea. Maua yanapokwisha, kiumbe anamtupa mtoto, akitarajia naye aelee. Kwenye riwaya tukio hilo halimo. Na bado nikiulizwa ni dakika gani ya filamu ile Mary Shelley angeitambua, nitataja hiyo: kiumbe asiyefundishwa kitu na yeyote, anaua katika siku pekee aliyopata rafiki. Dakika ile inamdai muumba. Whale alikuwa na deni mkononi, kisha akaliacha likaanguka pamoja na ile chupa.

Watu huniambia, "Riwaya ipo palepale rafuni, hakuna aliyeigusa. Mwache mwongozaji afanye atakavyo." Hoja hiyo inamfaa anayelifikia rafu. Waulizeni watu njiani Frankenstein ni nani. Wengi watawaambia ni lile zimwi lenyewe, na ukiwaambia kwamba zimwi halikupewa jina, kwamba jina ni la aliyeliumba na kulitupa, watashangaa. Filamu imekuwa ndiyo kitabu chao. Anayeigeuza riwaya kuwa filamu anazungumza na mamilioni ambao hawatakuja kumsahihisha.

Deni linaweza kufutwa hata bila kubadili neno. The Grapes of Wrath ya John Steinbeck ilitoka mwaka 1939, na filamu ya John Ford ikaifuata mwaka 1940, upesi ajabu. Ni filamu ninayoipenda, nyuso zile nimezitazama mara nyingi. Katika riwaya, ile familia ya wakulima waliopoteza ardhi inafika kwenye kambi ya serikali, yenye maji safi na heshima; kazi inakosekana, wanaondoka, na kutoka hapo kila kitu kinaporomoka: shamba la mapichi ambako wanatumiwa kuvunja mgomo bila kujua, mafuriko, mtoto anayezaliwa mfu. Inaishia bandani, binti aliyempoteza mtoto akimnyonyesha mwanamume mgeni anayekufa kwa njaa. Ford akageuza mpangilio: shamba kwanza, kambi baadaye. Kisha mama akiwa ndani ya gari anasema maneno kwamba wao ndio watu, na watu hawafutiki. Maneno hayo yana asili yake kitabuni, Steinbeck aliyaandika. Ila kule yako katikati ya safari, kabla ya mabaya kuliko yote, na huku yamewekwa mwisho. Faraja iliyokuwa njiani imegeuzwa kuwa kituo.

Najua Steinbeck aliiona filamu hiyo na aliisifu. Hapo natofautiana na mwenye kitabu. Mwandishi ana haki ya kusamehe. Riwaya aliyokwisha kuitoa ilikuwa na wadai wengine.

Lipo swali ambalo halina budi kuulizwa: uaminifu kwa riwaya ipi? Dickens alikuwa amemaliza Great Expectations kwa kijana Pip na Estella, msichana anayempenda, kuonana kwa muda mfupi na kuachana. Rafiki yake Bulwer-Lytton akamshauri aulainishe mwisho, naye akaandika mwingine, ambao ndio uliochapishwa mwaka 1861. David Lean katika filamu yake ya mwaka 1946 hakufuata wowote kati ya miisho hiyo miwili. Pip wake anararua mapazia ya ile nyumba iliyofungwa miaka na miaka, mwanga unaingia kwenye vumbi, anamtoa Estella nje. Kila ninapoiona najua nimebembelezwa. Anthony Burgess naye aliandika sura ishirini na moja za A Clockwork Orange. Toleo la Marekani likatoka na ishirini, na hilo ndilo mwongozaji Stanley Kubrick alilolifuata katika filamu yake ya mwaka 1971. Alikuwa mwaminifu kwa kitabu kilichokatwa. Anayeanza kazi hii na achague toleo lake akijua amechagua.

Nimewaahidi ushahidi. Nao unaniletea taabu, kwa hiyo nitausema kwa uangalifu.

Pather Panchali ni riwaya ya Kibangla ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, iliyotoka kama kitabu mwaka 1929. Mwongozaji wa India Satyajit Ray aliifahamu kwa mikono kabla ya kuipiga picha, kwa sababu alipokuwa bado anafanya kazi ya matangazo alichora michoro ya toleo lake lililofupishwa kwa watoto. Filamu yake ilitoka mwaka 1955. Mle riwayani, msichana Durga anatamani kuiona treni, na anakufa bila kuiona. Ray akampa treni. Yeye na mdogo wake Apu wanakimbia katikati ya majani marefu yenye maua meupe, na treni inapita na moshi wake mweusi. Kwa mizani yangu mwenyewe, hapa Ray ana hatia: amempa mtoto kitu ambacho mwandishi alimnyima.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu. Kisha nikaitazama tena filamu yote hadi mwisho, nikaona alilolifanya. Mapema tunamwona Durga akituhumiwa na jirani kwamba ameiba mkufu wa shanga. Anakana. Mama yake anampiga, anamburuta kwa nywele nje ya ua. Baadaye Durga anakufa kwa homa. Familia inafungasha kuhama, na Apu, akipapasa rafu ya juu, anaangusha kifuu chenye mkufu ule ndani. Anautazama. Anakimbia nao hadi bwawani, anautupa. Magugu ya juu ya maji yanaachana mahali ulipotumbukia, kisha yanarudi polepole, yanakutana, na maji hayaonekani tena.

Hakuna anayesema neno. Mtoto wa kiume amejua kwamba dada yake aliiba, kwamba kile kipigo hakikuwa cha bure, na kwamba umaskini ndio uliomfanya msichana yule atamani shanga kiasi kile. Na ameamua kumfichia siri. Yeye ndiye anayebaki na deni, na atalibeba kwenda nalo mjini. Ray alimpa Durga treni, akamdai Apu mkufu. Hesabu haikupungua. Ndiyo maana nasema Woolf hakuiona sinema yote: moyo wa mtoto yule uko pale, juu ya maji yenye magugu, bila sauti ya msimulizi.

Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mwandishi na mwongozaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Alikwishachapisha riwaya kadhaa kwa Kifaransa alipokwenda Moscow kusomea sinema mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kuwa watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Katika filamu yake Mandabi ya mwaka 1968, iliyotokana na hadithi aliyoiandika kwa Kifaransa, wahusika wanasema Kiwolofu. Nani amekuwa mwaminifu kuliko hapo? Aliacha maneno yake mwenyewe ili wahusika wake wapate ya kwao.

Riwaya yake Xala aliiandika mwaka 1973 na kuipiga picha mwaka 1975. Mwanzo wa filamu ni mpya. Wafanyabiashara weusi wanawatoa Wazungu kwenye Chemba ya Biashara ya nchi yao, watu wanashangilia. Punde Wazungu wanarudi na mikoba, na kila mjumbe anafungua wake na kukuta noti zimepangwa. Kwa dakika chache, bila mtu kueleza, tumejua nchi imeuzwa. Mwisho, lakini, Sembène hakuugusa pale panapouma. El Hadji, tajiri aliyefungwa nguvu zake za kiume siku anapooa mke wa tatu, anagundua kwamba aliyemfunga ni ombaomba kipofu aliyekuwa akikaa karibu na duka lake kila siku. Zamani El Hadji alimdhulumu ardhi ya ukoo, akamtia jela. Sasa ombaomba wamejaa sebuleni, na dawa wanayompa ni kumvua nguo na kumtemea mate, mmoja baada ya mwingine. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sembène aliichukua methali hiyo kwa maana yake halisi kuliko mtu yeyote. Kitabu kinaendelea hatua moja zaidi, hadi kwa polisi walioko nje na silaha zao. Filamu inasimamisha picha mate yakiwa bado yanatiririka mwilini.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tumeyajua mambo haya bila sinema. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara alikuwa mmoja. Akawa wengi, tena wakawa mabepari. Kwa neno moja la jalada alituambia anadhani nani anadaiwa. Nayo Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ya mwaka 1958, tuliipokea kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Achebe aliupa kitabu jina la kuporomoka kwa vitu. Kwetu kilipewa jina la mtu, na mtu huyo akaitwa shujaa kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza.

Jina hilo linanifikisha kwenye tukio ambalo kwangu ni mtihani mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Nikipewa riwaya hiyo kesho, ningefanya nini na aya yake ya mwisho?

Mnaikumbuka. Okonkwo, mtu mashuhuri wa Umuofia, kijiji cha Waigbo chini ya utawala wa Waingereza, amejinyonga. Mkuu wa Wilaya amekuja kumkamata akakuta mwili unaning'inia. Obierika, rafiki wa Okonkwo, anamgeukia kwa ukali, anamwambia mtu yule alikuwa mmoja wa wakubwa kabisa wa Umuofia, nanyi mmemsukuma ajiue, sasa atazikwa kama mbwa. Anashindwa kuendelea, sauti inakwama. Na hapo hapo Achebe anafanya jambo ambalo hakulifanya kitabu kizima kwa namna ile: anatuondoa Umuofia na kutuingiza kichwani mwa Mkuu wa Wilaya. Anatembea huku anawaza kitabu anachotaka kukiandika. Mtu huyu aliyejinyonga anaweza kupata sura nzima. Hapana, labda aya moja ya kutosha. Jina la kitabu ameshalichagua. Maisha tuliyoyaishi kwa sura ishirini na tano, mieleka, yule kijana Ikemefuna aliyelelewa nyumbani kwake, miaka saba ya uhamishoni, yamekuwa aya katika kitabu cha mtu asiyemjua hata jina la baba yake.

Anayemaliza kwa mwili mtini amepiga picha ya kifo cha shujaa, na deni amelifuta. Anayemwonyesha Mkuu wa Wilaya akiandika mezani na sauti yake ikisoma, amenakili aya ikafa mikononi mwake, kwa kuwa mtazamaji atamcheka Mzungu yule na kurudi nyumbani akiwa msafi.

Ningeanza kujiandaa kwa picha hiyo tangu dakika ya kwanza. Filamu yote ingekuwa kwa Kiigbo, na chini ya skrini maandishi ya tafsiri, ambayo baada ya robo saa mtazamaji huwa amesahau kwamba anayasoma, anaamini anaelewa. Kamera ingesimama daima miongoni mwa watu wa Umuofia, kwa kimo cha macho yao, na isingekaa hata mara moja nyuma ya bega la Mzungu. Kisha ifike saa ile. Obierika anasema maneno yake ya mwisho, tunayasoma. Mkuu wa Wilaya anageuka, na kwa mara ya kwanza katika saa mbili kamera inageuka pamoja naye, inakaa nyuma ya kofia yake, inaondoka. Huko nyuma Obierika bado anasema. Tunamsikia vizuri, sauti haijapungua. Wengine nao wanasema, mwanamke mmoja anaita jina. Lakini chini ya skrini hakuna maandishi tena, na hatuelewi hata neno moja.